Kumfundisha mtoto kula mezani kwa Wajapani: mwongozo kamili kwa mzazi

Mtoto wa Kiswahili akialikwa kula kwa Wajapani, kosa lake la kwanza halitatokea kwenye vijiti. Litatokea kwenye mkono wa kushoto. Tangu anaanza kula mwenyewe ameambiwa mkono huo haugusi chakula, basi ataulaza mapajani, atainama mpaka pua ikaribie bakuli, na ataanza kula kwa mkono mmoja. Wajapani wana neno la ulaji huo: inugui, yaani kula kama mbwa. Adabu njema aliyotoka nayo nyumbani ndiyo itakayomponza.

Binti yangu alikuwa na miaka sita tulipohamia Nagoya, Japani, na mengi ya haya niliyajua baada ya kumwona akikosea. Nilijifunza jambo moja lililonisaidia kuliko yote: kanuni niliyompa kavukavu aliisahau kesho yake, lakini ile niliyompa pamoja na sababu yake aliishika, kisha akamfundisha mdogo wake. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina sababu yake. Isome wewe kwanza, halafu umweleze mtoto kwa maneno ya nyumbani kwenu. Ukipata wiki mbili za mazoezi kabla ya safari au mwaliko, zinatosha.

Anza na maneno mawili

Kijapani kina irabu tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Mtoto anayejua kusoma Kiswahili atayasoma maneno haya bila shida. Hilo limpe moyo.

Kabla ya kula husemwa Itadakimasu. U ya mwisho humezwa, ikasikika "itadakimas". Viganja hukutanishwa mbele ya kifua, kichwa huinama kidogo, neno hutamkwa, ndipo vijiti hushikwa. Neno limetokana na kitenzi itadaku, ambacho asili yake ni kuweka kitu juu ya kichwa, kama mtu anayepokea zawadi ya mkubwa wake kwa kuiinua juu ya utosi. Mtoto wetu ataelewa haraka ukimfananishia na shikamoo: ni neno la kujishusha. Anajishusha mbele ya nani? Wajapani huwaambia watoto wao: mbele ya aliyepika, aliyelima, aliyevua, na mbele ya samaki na mboga zilizotoa uhai wao ili wewe ushibe.

Wazazi wenzangu Waislamu na Wakristo huniuliza kama hiyo ni sala ya dini nyingine. Neno limekulia katika nchi yenye mila ya Kibudha, ila leo husemwa hata na watu wasio na dini yoyote, kama shukrani tu. Kwetu tulisema Bismillahi kimoyomoyo kwanza, kisha Itadakimasu kwa sauti pamoja na wenyeji. Anayeona uzito kukutanisha viganja ainamishe kichwa, na hapo hajamkosea mtu.

Baada ya kula husemwa Gochisousama deshita, na "deshita" hutamkwa "deshta". Ndani yake mna neno chisou, linaloandikwa kwa herufi mbili, moja ya kwenda mbio na nyingine ya kukimbia. Ni picha ya mwenyeji aliyekimbia huku na huku kutafuta vitu vya kumpikia mgeni. Mwambie mtoto: unapolisema, unamshukuru mtu kwa mbio zake. Binti yangu alilipenda neno hili kuliko yote kwa sababu ya hizo mbio.

Fundisha maneno haya siku ya kwanza, na yatumike kila mlo nyumbani, hata kama mnakula ugali na dagaa.

Kuingia ndani

Pale ambapo sisi tunapiga hodi, Mjapani anayeingia nyumba ya mwenzake husema Ojama shimasu, maana yake nakuja kuwasumbua. Baada ya mlango kuna sehemu ya chini ya kuvulia viatu, inaitwa genkan, na sakafu ya nyumba imeinuka juu yake kidogo.

1. Mtoto avue viatu chini na akanyage juu moja kwa moja. Soksi zisiguse sakafu ya chini, maana hapo ndipo panapokaa vumbi la nje.
2. Ageuke ubavu, apige goti, avigeuze viatu vielekee mlangoni. Asimpe mwenyeji mgongo wakati wa kufanya hivyo.
3. Avae ndara atakazopewa. Akifika chumba chenye tatami, ule mkeka mnene wa majani, azivue na aingie na soksi. Chooni mna ndara za chooni, na zibaki hukohuko.

Kagua soksi kabla hamjatoka nyumbani. Soksi iliyotoboka huonekana na kila mtu.

Juu ya tatami asikanyage pindo za kitambaa, wala asisimame juu ya mto wa kukalia. Asubiri kuonyeshwa mahali pake, kwa kuwa nafasi ya mbali na mlango ni ya mgeni mkubwa au mzee, na mtoto akiiwahi atawatia wenyeji katika wakati mgumu wa kumwondoa. Mkao rasmi ni wa kupiga magoti na kukalia visigino, seiza. Mtoto aliyezoea kukaa kwenye tahiyatu msikitini au chuoni tayari anaujua. Miguu ikifa ganzi, wenyeji wenyewe humwambia akae anavyoweza.

Kitaulo

Kwetu birika na beseni hupitishwa, kila mtu ananawa. Kwao huletwa kitaulo kibichi kilichoviringwa, oshibori, cha moto siku za baridi na mara nyingi cha baridi wakati wa joto. Ni cha mikono tu. Mtoto asijifute uso wala shingo, hata kama atamwona mtu mzima akifanya hivyo. Akimaliza akikunje na kukirudisha mahali pake, wala asikifutie meza.

Meza ilivyopangwa

Mlo wa nyumbani wa Kijapani hupangwa kwa mtindo uitwao ichijuu sansai, supu moja na vitoweo vitatu. Bakuli la wali hukaa kushoto mbele, bakuli la supu kulia mbele, kitoweo kikubwa na vidogo nyuma yake. Vijiti hulazwa mbele kabisa, karibu na mlaji, ncha zikielekea kushoto. Chora mpangilio huu kwenye karatasi na umpe mtoto kazi ya kuandaa meza kila jioni. Akishauandaa mara tano hatausahau.

Sasa lipo jambo ambalo watoto wa pwani hulipata gumu: wali haumwagiwi mchuzi. Wali mweupe hubaki mweupe ndani ya bakuli lake. Haumiminiwi supu, na mchuzi wa soya hauvurugwi humo. Mtoto hula tonge la wali, kisha kipande cha samaki, kisha funda la supu, kisha anarudi kwenye wali. Baadhi ya shule za Japani zimewafundisha watoto mzunguko huo na kuuita kula kwa pembetatu. Mchuzi na wali hukutana mdomoni, na kila mtu hupima mwenyewe kiasi anachotaka. Mtoto akilielewa hivyo, kwamba anapika mara ya pili ndani ya kinywa chake, ataacha kuulizia mchuzi uko wapi.

Vyakula vinavyomwagiwa vipo pia, kama donburi, bakuli la wali wenye kitoweo juu, na kare raisu, wali kwa mchuzi wa bizari, unaoliwa kwa kijiko. Ukiona mtoto amechoka na mambo mageni, mwagizie kare raisu apumzike.

Bakuli na mkono wa kushoto

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Mwambie mtoto waziwazi kwamba katika meza hii mkono wa kushoto una kazi ya heshima: unabeba bakuli. Haugusi chakula chenyewe, kwa hiyo havunji alichofundishwa na bibi yake.

Bakuli la wali na la supu huinuliwa. Sahani pana na sahani ya samaki hazisogei. Vibakuli vidogo vya mchuzi vinaweza kuinuliwa, na mtoto akibeba kipande kinachodondoka anyanyue kibakuli kukikinga. Kukinga kwa kiganja huonekana ni adabu, lakini kwao si nzuri, maana tone likianguka mkononi atalifuta wapi?

Hatua zenyewe:

1. Ainue bakuli kwa mikono miwili.
2. Aliache juu ya mkono wa kushoto: vidole vinne vimebanana chini ya kitako, kidole gumba kimegusa ukingo. Gumba lisiingie ndani ya bakuli.
3. Kwa mkono wa kulia aokote vijiti kwa juu.
4. Ncha zake azibane kidogo kwa vidole vya mkono wa kushoto, vilevile vilivyo chini ya bakuli.
5. Mkono wa kulia uteleze mpaka mwisho wa vijiti, ugeuke kwa chini, ukamate vizuri.

Mwanzoni itaonekana kama mchezo wa mazingaombwe. Fanyeni na bakuli tupu la plastiki mkiwa mmekaa mkekani, mara kumi, bila chakula. Bakuli la supu la kweli ni la mbao iliyopakwa urushi, rangi ya utomvu wa mti, na mbao haipitishi moto upesi, ndiyo sababu linashikika hata supu ikiwa inachemka. La wali ni la udongo uliochomwa, na lina pete chini ya kitako ambayo haipati moto sana. Mwache mtoto aguse aone. Katika nyumba nyingi kila mmoja ana bakuli lake la wali na vijiti vyake mwenyewe, na mtoto ana vidogo vyenye picha. Nunua seti ya mtoto kama unaweza, kwa sababu kitu chake atakitunza.

Vijiti

Vijiti vikubwa ndivyo vinavyowashinda watoto, siyo vidole vyao. Wajapani wana kipimo cha zamani: vijiti viwe urefu wa ata moja na nusu. Ata ni nafasi kati ya ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha shahada, vikiwa vimefunguliwa kama kona ya kitabu. Wazee wetu walikiita kipimo cha vidole hivyo viwili futuri. Mtoto mwenye futuri ya sentimita 11 anahitaji vijiti vya sentimita 16 na nusu, na mtu mzima mwenye sentimita 15 anahitaji vya 22 na nusu. Pima kwa rula, nunua kwa kipimo.

Kushika: kijiti cha chini hulala kwenye bonde la kidole gumba na kuegemea kidole cha pete. Hicho hakitembei hata kidogo. Kijiti cha juu hushikwa kama kalamu, kwa gumba, cha shahada na cha kati, na hicho pekee ndicho kinachopanda na kushuka. Mpe mtoto kijiti cha juu peke yake kwanza, aandike hewani namba 1 kwa kukipandisha na kukishusha. Akizoea, mwongezee cha chini. Ncha mbili lazima zilingane, na asishike karibu mno na chakula.

Mazoezi yaende kwa ugumu: vipande vya sponji kavu, kisha bisi, kisha karanga za maganda, kisha maharage yaliyopikwa. Choroko ziwe za mwisho kabisa, na asipoziweza asihuzunike. Dakika kumi kwa siku zinatosha. Watoto wa Japani nao huanza na kijiko, na wengi hupitia vijiti vya mafunzo vyenye pete za kuingizia vidole. Akialikwa kabla hajaweza, omba kijiko bila aibu. Hakuna mwenyeji atakayekasirika kwa mtoto kula na kijiko.

Makosa ya vijiti yana jina lake, kiraibashi, vijiti vya kuchukiza, na yapo mengi. Mawili yana uzito kuliko yote.

La kwanza ni kuvisimamisha vijiti wima ndani ya wali. Mtu akifariki, bakuli la wali lililosimikwa vijiti huwekwa karibu na kichwa cha maiti. La pili ni kupokezana chakula kutoka vijiti hadi vijiti. Baada ya mwili kuchomwa, jamaa huokota mifupa kwa vijiti pamoja, au hupokezana hivyo hivyo mpaka ifike kwenye chungu. Mtoto anayefanya moja ya mawili haya ameleta msiba mezani, mbele ya watu ambao pengine wamemzika mtu wao hivi karibuni.

Binti yangu alivisimamisha. Tulikuwa tumekaribishwa kwa bibi jirani, na akavichomeka kwenye wali ili ashike glasi ya maji kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha. Yule bibi hakukatiza maneno yake. Alinyoosha mkono, akavichomoa taratibu, akavilaza kwenye kijiwe cha kuwekea vijiti, akaendelea kusimulia habari za maua yake. Usiku nilimweleza binti yangu maana yake kwa ukweli wote, kwa sauti ya chini, bila kumtisha. Alinyamaza kidogo, akauliza kama bibi alikuwa na mtu aliyekufa. Hakurudia tena kosa hilo. Kwa hiyo nakushauri usimfiche mtoto habari ya mazishi. Sema tu: hivyo ndivyo wanavyowaaga wapendwa wao, kwa hiyo tunawaachia wao.

Kipande cha kumpa mwenzio kiwekwe kwenye sahani yake ndogo, naye akichukue mwenyewe.

Yaliyobaki yapitie upesi, moja kwa siku, kwa kuigiza:

- kuzungusha vijiti juu ya vyakula huku hujui uchukue kipi; amua kwanza, ndipo unyooshe mkono;
- kuchimbua chini kutafuta nyama;
- kuchoma chakula kama mshikaki;
- kuvuta bakuli kwa vijiti badala ya mkono;
- kunyonya au kulamba ncha;
- kumnyooshea mtu kijiti;
- kugonga bakuli;
- kulaza vijiti juu ya bakuli, maana huonyesha kama umeshamaliza au hutaki tena.

Mahali pa kuviweka ni kijiwe kidogo kiitwacho hashioki. Pakikosekana kijiwe na vijiti vikiwa vya kutupa, kunja karatasi yake iwe kijiwe. Vya kutupa hupasuliwa juu ya mapaja, vikishikwa kilalo, kimoja juu kimoja chini, ili mkono usimgonge wa jirani. Visisuguliwe, kwani ni kama kumwambia mwenye duka kwamba vijiti vyake vina vibanzi.

Chakula kilichowekwa cha wote huchukuliwa kwa vijiti vya kupakulia. Visipokuwapo, uliza kabla ya kutumbukiza vyako.

Punje ya mwisho

Kiswahili kina mpunga shambani, mchele guniani, wali sahanini. Kijapani nacho kina matatu: ine, kome, gohan. Na gohan ni wali na pia ni chakula chenyewe, hata kifungua kinywa huitwa asagohan, wali wa asubuhi, ingawa mezani kuna mkate. Watu wenye maneno matatu kwa mmea mmoja wanajua jasho lake.

Herufi ya mchele ni 米. Ukiipasua unapata 八十八, yaani themanini na nane, nao huwaambia watoto kwamba mkulima hushughulika mara 88 mpaka punje ifike bakulini. Wengine husema kila punje ina miungu saba ndani. Mtoto wa nyumba yetu nilimpa hesabu ya kazi tu: kulima, kusia, kung'oa miche, kupandikiza, kupalilia, kuamia ndege. Aliyewahi kufika mashamba ya mpunga ya Mbeya, Mwea au Kilombero hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo bakuli la wali humalizwa mpaka punje ya mwisho. Njia ya kumsaidia mtoto ni kupunguza mwanzoni. Mfundishe Sukoshi dake kudasai, naomba kidogo tu. Kuongezewa siyo aibu: ainue bakuli kwa mikono miwili na kusema Okawari kudasai. Kuacha wali uliojaa ndiko kunakouma, na hapo ndipo utasikia neno mottainai, hasara iliyoje kupoteza kitu chenye thamani. Profesa Wangari Maathai wa Kenya alikutana na neno hili alipoitembelea Japani Februari 2005, miezi michache baada ya kupewa Nobel ya Amani ya 2004, akalibeba katika kampeni zake za mazingira duniani. Mwambie mtoto kwamba mama wa miti wa Kenya alilipenda neno hilo.

Supu, tambi, samaki na sushi

Supu ya miso, yaani ya soya iliyochachushwa, haina kijiko. Vipande huliwa kwa vijiti, na mchuzi hunywewa kwa kuinua bakuli mdomoni. Likiwa na mfuniko uliogoma, mtoto abane kingo za bakuli kwa mkono mmoja, hewa itaingia na mfuniko utaachia. Aulaze chali pembeni, na akimaliza aurudishe.

Tambi za soba, udon na ramen huvutwa kwa sauti. Mtoto aliyekatazwa maisha yake yote kula kwa mlio atakutazama kwa mashaka, basi umwonyeshe watu wengine wanavyofanya. Kuvuta pamoja na hewa hupooza tambi za moto na kupandisha harufu yake puani. Lakini hilo haliruhusu kutafuna kwa mlio, wala kuzungumza na chakula mdomoni. Na asiyeweza kuvuta ale kimya.

Samaki mzima huletwa kichwa kikiwa kushoto. Huliwa nyama ya juu, kutoka kichwani kwenda mkiani. Ikiisha, uti wa mgongo huinuliwa na kuwekwa pembeni, ndipo nyama ya chini ikaliwa. Samaki hageuzwi. Mtoto wa pwani anayejua kuchambua changu kwa vidole atashangaa kuona anavyoliweza jambo hili kuliko wengi.

Sushi, kitonge cha wali chenye samaki juu, inaweza kuliwa kwa mkono, na hapo mkono wa kulia una raha yake. Upande wa samaki ndio unaochovywa kwenye mchuzi wa soya, siyo wali, maana wali hulainika na kumwagika. Iliwe kwa mara moja ikiwezekana. Kwa mtoto omba isiyo na wasabi, kiungo kikali cha kijani: Sabinuki de onegaishimasu. Katika migahawa ya sahani zinazozunguka, iliyoanzia Higashiosaka mwaka 1958, sahani iliyoguswa hairudishwi kwenye mkanda. Na angalia sana bomba dogo lililo mezani: linatoa maji yanayochoma ya kutengenezea chai. Mtoto atadhani ni la kunawia. Mkalishe mbali nalo kabla hamjaagiza chochote. Unga wa kijani uliopo karibu nalo ni majani ya chai.

Asivyokula

Sema mapema, usingoje sahani ifike. Nguruwe ni buta, na sentensi ya kumfundisha mtoto ni Butaniku wa taberaremasen, siwezi kula nyama ya nguruwe. Ramen nyingi zina mchuzi wa mifupa ya nguruwe hata kama nyama haionekani, na ile inayoitwa tonkotsu ni hiyo hasa. Vyakula vingi vya kuchemsha hutiwa mirin au sake, ambavyo vina kileo. Mchuzi wa msingi, dashi, mara nyingi ni mwani na samaki mkavu, na huo haukutupa taabu. Mwenye mzio awe mwangalifu na soba, mayai na kamba, na mzazi abebe karatasi iliyoandikwa Kijapani yenye majina ya vyakula hivyo.

Akianza shule

Chakula cha mchana cha shule, kyuushoku, ni somo kamili. Kumbukumbu za mwanzo wake zinarudi hadi 1889 katika mji wa Tsuruoka, mkoa wa Yamagata, ambako watawa wa Kibudha waliwapa watoto maskini matonge ya wali, samaki wa chumvi na mboga za chumvi. Leo watoto wenyewe hupakua kwa zamu, wamevaa mavazi meupe, kofia na barakoa. Wote hula darasani pamoja na mwalimu, na hakuna anayeanza kabla ya Itadakimasu ya pamoja. Mtoto wako naye atapewa zamu. Mzoeze kupakua kwa upawa nyumbani, bakuli ya kila mtu iwe na kiasi kinacholingana, asijipendelee wala asimpendelee rafiki yake. Habari za nguruwe au mzio zungumza na mwalimu kabla ya siku ya kwanza, ili mkubaliane kama atabeba bento, chakula cha kufungashwa, kutoka nyumbani.

Kuondoka mezani

Akimaliza alaze vijiti kwenye kijiwe, ncha kushoto kama alivyovikuta, arudishe mifuniko, akusanye mifupa ya samaki pamoja pembezoni mwa sahani. Asipandishe vyombo kimoja juu ya kingine, kwa kuwa bakuli la urushi huchunika. Asipenge kamasi mezani. Aombe ruhusa kwa kumtazama mzazi, akutanishe viganja, aseme Gochisousama deshita.

Mgahawani hakuna bakshishi, na ukiacha pesa mezani huenda mhudumu akakukimbilia barabarani kukurudishia. Kinachotolewa ni neno lile lile, mlangoni, kwa sauti ya kumfikia mpishi. Siku moja katika kimgahawa cha viti vinane binti yangu alilisema akiwa amesimama kizingitini, koti limefungwa mpaka shingoni. Mpishi aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye aproni, akamwinamia.